Kiti cha Mwanagenzi

Ofisi ya Mzee wangu, wakili aliyenifundisha kazi, ilikuwa ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, na ilikuwa na viti vitatu. Kimoja chake, kimoja cha mteja, na cha tatu kiti cha mbao kisicho na mikono, kimewekwa upande wa kushoto wa meza. Ukikikalia unaona vizuri kila anachoandika Mzee, lakini mteja hakuoni mpaka ageuze shingo. Ndicho nilichokikalia mwaka 1993, nikiwa na shahada yangu ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hakika kubwa moyoni kwamba najua sheria.

“Binti,” aliniambia asubuhi ya kwanza, “leo huna mdomo. Una masikio na kalamu.”

Akaingia mama mmoja wa makamo aliyetoka ng’ambo ya Kigamboni, analalamikia shamba la marehemu mumewe lililouzwa na shemeji. Alizungumza karibu saa nzima. Mimi nikaandika: tarehe, mipaka, minazi mingapi, nani kamuuzia nani. Mama alipotoka, Mzee akaniuliza nimesikia nini. Nikamsomea kurasa zangu nne. Akasikiliza zote, kisha akauliza, “Na ni lipi hakulisema?” Nilikaa kimya. Mama alikuwa ametaja mashahidi wawili wa mauziano, akamtaja mmoja kwa jina, wa pili akamwita tu “yule mwingine”, mara tatu. Mzee alikuwa amepiga mstari kila mara mama aliposema hivyo. Mama aliporudi wiki iliyofuata, tukajua kwamba yule mwingine alikuwa mwanawe mwenyewe wa kumzaa, na kwamba kesi ile ingevunja nyumba kabla haijafika kwa hakimu. Haikufunguliwa. Ilimalizwa kwa wazee wa ukoo, na Mzee aliiandika hati ya makubaliano kwa mkono wake.

Nimeanza na kiti hicho kwa sababu historia ya uwakili katika nchi yetu naiona mimi kuwa ni historia ya kiti cha pembeni: nani alikuwa nacho, nani alinyimwa, na nini kilifanyika kila kilipokosekana.

Neno lenyewe wakili tumelipata kwa Waarabu, na kabla ya kuingia mahakamani lilikuwa la nyumbani na sokoni. Wakili ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Mfanyabiashara aliyesafiri aliacha wakili dukani. Aliyekuwa mbali aliozeshwa kwa wakili. Wahindi nao walifika pwani na neno hilohilo, wakilitamka vakil, na kwao tayari lilikuwa la mahakama. Katika karne ya 19 kesi za raia wa Uingereza na za Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wake pale Unguja zilisikilizwa na mahakama ya konseli wa Kiingereza, na rufaa zilivuka bahari hadi Mahakama Kuu ya Bombay. Sheria zilizotumika zilikuwa za India, ikiwemo Sheria ya Mikataba ya mwaka 1872. Hivyo kwa muda mrefu sheria za Zanzibar zilitambua watu wa aina mbili: mawakili waliosomea, na mavakil walioruhusiwa kusimama kwenye mahakama za chini. Vakil hakuwa na joho la chuo kikuu. Alichojua ni mwenendo wa mahakama, na mwenendo wa mahakama hujulikana kwa kukaa mahakamani, siku baada ya siku, karibu na anayeujua.

Bara mambo yalikuwa magumu zaidi. Mahakama Kuu ya Tanganyika ilianzishwa na Waingereza mwaka 1920, lakini Mwafrika wa kawaida aliishia kwenye baraza la chifu au liwali, na huko wakili hakukanyaga. Hata baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 ilipounganisha mahakama na kuleta mahakama za mwanzo, mawakili walibaki nje ya mlango wake. Mtoto wa kijijini angeweza kukua, kuoa na kuzeeka asimwone wakili kazini hata siku moja. Angetamanije kuwa kitu asichokiona?

Aliyetamani alihitaji meli na pesa. Sheria ya Mawakili ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1954, na chama cha mawakili kikaundwa kwa sheria ya mwaka huohuo. Njia kubwa ya kuingia ilikuwa kusomea uwakili Uingereza, na njia iliyowafaa wengi kutoka Afrika ilikuwa ya kujiunga na mojawapo ya nyumba nne za mawakili wa London. Pamoja na mitihani, mwanafunzi alitakiwa kutimiza mihula 12, na muhula ulihesabiwa kwa kuhudhuria chakula cha jioni katika ukumbi wa nyumba hiyo idadi maalumu ya mara. Watu wanaposikia habari hii hucheka. Mimi siichekei, kwa sababu nyuma yake palikuwa na jambo la maana: kijana aliketi meza moja na wazee wa kazi, akasikia wanavyozungumza, wanavyobishana, wanavyoheshimiana hata baada ya kupigana mahakamani. Karne nyingi zilizopita hicho kilikuwa kiti cha pembeni hasa. Ubaya ni kwamba kufikia miaka ya 1950 kijana kutoka Tabora au Kisumu alipata chakula bila kuupata ule ujirani. Akila, akifaulu, anarudi nyumbani na cheti.

Na nyumbani kazi ilikuwa nyingine. Uingereza ya wakati huo, aliyesimama mbele ya jaji alikuwa mmoja, na aliyekutana na mteja, kuandaa hati na kutunza fedha zake alikuwa mwingine. Afrika Mashariki kazi hizo zote ni za mtu mmoja. Yule aliyerudi alikuwa amefundishwa nusu ya kazi, tena kwa sheria na mazingira ya nchi nyingine.

Ukitaka kuona tulivyokuwa, itazame kesi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1958. Serikali ya kikoloni ilimshitaki kwa kashfa, kutokana na aliyoyaandika kuhusu maofisa wawili wa serikali katika gazeti la chama chake cha TANU, Sauti ya TANU. Waliomtetea walikuwa D. N. Pritt, aliyekuja kutoka Uingereza, pamoja na mawakili wa Dar es Salaam Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Mwalimu alitiwa hatiani, akaamriwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, faini ikalipwa. Mawakili wale walifanya kazi yao kwa moyo, na nchi hii inawadai shukrani. Lakini katika majina hayo matatu hakuna Mwafrika, na hiyo ni miaka mitatu tu kabla ya bendera kupandishwa.

Waingereza wenyewe waliliona tatizo. Kamati iliyoongozwa na Jaji Denning kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika ilitoa ripoti yake Januari 1961. Shauri lake lilikuwa wazi: wafundisheni kwao, wapate shahada, kisha wapate mafunzo ya vitendo kabla ya kushika kazi. Mwaka huohuo, tarehe 25 Oktoba, wiki sita na siku kadhaa kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha Sheria. Wanafunzi hawakufika 15. Nchi yetu ilianza elimu yake ya chuo kikuu kwa sheria, kabla ya udaktari na kabla ya uhandisi, nami kila nikilifikiri hilo naona ukubwa wa imani waliyokuwa nayo watu wale juu ya kazi hii.

Mzee wangu aliingia mwaka uliofuata. Aliniambia kwamba madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, na kelele za Lumumba na Mnazi Mmoja ziliingia darasani: wauza kahawa wakigonganisha vikombe, wanachama wakipanda na kushuka ngazi. Mkuu wa kwanza wa kitivo alikuwa A. B. Weston, Mwaustralia, ambaye mapema kabisa alihangaika na swali la istilahi za sheria kwa Kiswahili, wakati wengi waliona ni ndoto. Mwingine alikuwa William Twining, Mwingereza aliyefundisha hapo tangu 1961 hadi 1965. Mwaka 1967, akiwa amekwenda Belfast, Twining alitoa mhadhara ambao walimu wa sheria wanauzungumzia mpaka leo, akiuliza chuo kinamlea nani: Pericles, yule kiongozi wa Athens mwenye upeo wa dola, au fundi bomba anayejua kazi ya mikono yake? Sijui kama kuna nchi iliyolihitaji swali hilo kuliko yetu. Dar es Salaam iliwalea akina Pericles, na ilikuwa haki yake, maana taifa lilihitaji majaji, mawaziri na waandishi wa sheria mara moja. Mwaka 1965 Mark Bomani akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Mwanasheria Mkuu. Jaji Mkuu wa wakati huo, Telford Georges, alitoka visiwa vya Karibi. Mwaka 1971 akampisha Augustine Saidi, Mtanzania wa kwanza. Julie Manning, aliyetoka katika madarasa yale ya mwanzo, alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Jina lake nililijua kabla ya kujua maana ya jaji. Mama yangu alilitaja kila nilipolalamika kuchoka na shule.

Na fundi bomba je? Nani alifundishwa kufungua koki na kuziba panapovuja?

Kenya walichukua njia tofauti. Shule ya Sheria ya Kenya ilianza 1963, nayo ilijengwa juu ya uanagenzi wa mkataba: kijana anaandikishwa katika ofisi ya wakili, anafanya kazi pale, na kwa vipindi anaingia darasani. Kwa sikio langu hilo linavutia sana. Lakini ofisi nyingi zilikuwa za Wazungu na Wahindi, na kijana wa Kiafrika asiye na mtu wa kumshika mkono alipata shida kupata wa kumpokea. Hapo ndipo kiti kinapoonyesha upande wake mbaya. Kikiwa mali ya mwenye ofisi peke yake, hukikalia mwanawe, mpwa wake, au mtoto wa rafiki yake wa klabu.

Kwetu serikali ilijaribu kukigeuza kiti hicho kuwa cha umma. Mhitimu wa Mlimani aliingizwa katika mafunzo ya vitendo chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Akaketi na wanasheria wa serikali, akapelekwa mahakamani, akaona mashitaka yanavyoandaliwa na hukumu zinavyoandikwa. Baadaye alisimama mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria, ambamo wamo mwakilishi wa mahakama, wa Mwanasheria Mkuu, wa kitivo cha sheria na wa mawakili wenyewe, akahojiwa kwa mdomo. Hakuna aliyeulizwa baba yake ni nani. Baada ya Azimio la Arusha kazi nyingi za kisheria zilihamia serikalini na katika mashirika ya umma; mwaka 1970 likaundwa Shirika la Sheria kuyahudumia. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zikataifishwa, na mawakili wengi wenye asili ya Asia wakafunga ofisi zao na kuondoka. Waliondoka na viti vyao. Simlaumu mtu kwa historia hiyo yote, ila ni kweli kwamba kizazi kilichofuata kilikuta ofisi binafsi chache mno za kujifunzia namna ya kumhudumia raia wa kawaida mwenye shamba, mirathi au talaka.

Ndiyo maana nilikuwa na bahati kumpata Mzee. Alikuwa ameitumikia serikali miaka mingi, kisha akafungua ofisi. Nilipanda ngazi zake nikiwa na barua tatu za kukataliwa na ofisi nyingine ndani ya mkoba.

Kazi aliyonipa mwezi wa kwanza ilikuwa kunakili. Alinipa majalada ya zamani, akaniambia ninakili kwa mkono hati za madai tano na hati za utetezi tano, neno kwa neno, pamoja na vichwa vyake. Niliona ananidharau. Kufikia ya nne mkono ulikuwa umeanza kujua wenyewe: jina la mahakama juu, namba ya shauri, wadaawa, aya zenye namba, chanzo cha madai, mamlaka ya mahakama, thamani, nafuu zinazoombwa, na mwisho uthibitisho unaotakiwa na Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, unaosema aya zipi mdai anazijua mwenyewe na zipi ameambiwa. Nilipoandika ya kwangu ya kwanza ilirudi mara saba. Wino wake ulikuwa wa kijani. Nyekundu, alisema, ni ya walimu wa shule. Mara ya sita alikuwa amegusa neno moja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba mdaiwa “alikataa” kulipa. “Alikuambia hataki, au hajalipa tu?” Nikabadilisha: “ameshindwa”.

Alinituma pia masjala ya Mahakama Kuu, pale Kivukoni, bila maelekezo yoyote. Huko alikuwepo karani, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimfikia nikiwa na haraka, nikasema nataka jalada namba fulani. Hakuinua uso. Nikasimama dakika 40. Wakili mmoja mwenye mvi akaingia, akasema, “Shikamoo mama, za tangu juzi, mguu unaendeleaje?” Akapewa kiti na jalada. Nilitoka nje, nikashusha pumzi, nikaingia upya. “Shikamoo mama. Mimi ni mgeni, natoka kwa Mzee fulani, nimetumwa na sijui pa kuanzia.” Akanitazama juu ya miwani. “Sasa umekuja,” akasema. Katika miaka miwili yule mama alinifundisha mambo ambayo hakuna mhadhiri aliyewahi kunigusia: kukagua kumbukumbu za shauri kabla ya kuamini ulichoambiwa na mteja, kuhesabu siku za rufaa tangu tarehe iliyoandikwa na si tarehe uliyoisikia, kuhakikisha stakabadhi ya ada imeambatishwa kabla hujageuka. Mzee alipoona namtaja kila siku akafurahi sana. Kumbe alijua anakonipeleka.

Sasa niseme kosa langu, maana bila hilo sina haki ya kuandika haya.

Mwaka wangu wa pili tuliomba zuio la muda kuzuia nyumba ya mteja isipigwe mnada. Hati ya kiapo niliiandika mimi. Sheria yetu ya viapo inataka pale mwisho, chini ya sahihi ya mwapaji, kamishna wa viapo aeleze kiapo kimeapwa wapi na tarehe gani. Mimi niliweka tarehe, mahali nikapasahau. Neno moja, “Dar es Salaam”. Mzee alikuwa safarini, nikaipeleka mwenyewe kwa kamishna, akagonga mhuri, nikaisajili. Siku ya kusikilizwa wakili wa upande wa pili alisimama na pingamizi la awali, akasema kiapo ni kibovu, na ombi lisilo na kiapo halina miguu. Jaji akakubali. Ombi likaondolewa.

Nilikuwa na hasira na yule wakili, na jaji, na sheria nzima. Mzee akanikalisha pale pale kitini. Kwanza akanifafanulia kwamba ombi limeondolewa, halikutupiliwa mbali. Likiondolewa unaweza kurekebisha na kurudi, likitupiliwa mbali umefungiwa mlango. Neno moja lilikuwa limetuumiza na neno jingine likatuokoa. Kisha akachukua rafuni kitabu cha ripoti za kesi za Afrika Mashariki cha mwaka 1969, akafungua ukurasa wa 696, kesi ya Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors. Kila mwanasheria wa Kenya, Uganda na Tanzania anaijua, kwa sababu ndipo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipoeleza pingamizi la awali ni nini na kukemea matumizi yake mabaya. Nilikwishaisoma Mlimani, nikaifanyia mtihani, nikapata alama nzuri. Siku ile ndiyo niliyoisoma kwa sauti nikiwa na mteja anayelala macho akisubiri mnada. Nikaelewa kwa nini majaji wale waliandika kwa ukali vile, na nikaelewa pia kwa nini kasoro yangu haikuwa uonevu.

Jioni ile tulikwenda wote wawili kwa mteja, Magomeni. Nilijiandaa kuomba radhi. Mzee alinitangulia. “Mama,” alisema, “hati ilikuwa na kosa, na kosa ni la ofisi yangu. Kesho tunairudisha, na ada ya mahakama nailipa mimi.” Hakunitazama. Hakusema “huyu binti”. Alilipa, tukarudi mahakamani ndani ya siku mbili, zuio tukalipata kabla ya mnada. Tangu hapo sijasaini hati ya kiapo bila kuweka kidole changu juu ya jina la mji.

Hivi vitu haviingii kwenye mtaala. Au tuseme vinaweza kuandikwa kwenye mtaala, lakini mpaka umwone mtu mzima mwenye jina lake mjini akisema “kosa ni la ofisi yangu” mbele ya mteja, hujajifunza.

Zama hizo hazikuweza kudumu. Tangu miaka ya 1990 vyuo vinavyofundisha sheria viliongezeka, Chuo Kikuu Huria kikafungua milango kwa watu wazima walio kazini, vyuo binafsi vikafuata, na mafunzo ya vitendo ya serikali yakazidiwa. Kikosi kazi cha sekta ya sheria kilichoongozwa na Mark Bomani katikati ya miaka hiyo kilionyesha udhaifu wa mfumo mzima. Mwaka 2007 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi wetu tunaiita Law School, na mwaka 2008 wakaingia wanafunzi wa kwanza. Darasani wanafundishwa uandishi wa hati, uendeshaji wa mashauri, maadili ya uwakili. Kisha wanapelekwa mahakamani na maofisini.

Wapo wenzangu wa rika langu wanaoinung’unikia taasisi hiyo. Sikubaliani nao. Imempa mtoto wa mkulima wa Kasulu nafasi ileile anayopewa mtoto wa jaji, na hilo peke yake linatosha kuilinda. Mwezi Oktoba 2022 matokeo ya kundi moja yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na walioondolewa 265. Waziri anayehusika na sheria akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mtaani watu wakagawanyika: vyuo vinatoa shahada nyepesi, hapana, taasisi inakomoa vijana. Nilisikiliza hoja zote mbili nikiwa na swali langu. Wale 633, kabla ya mtihani ule, wangapi walikuwa wamewahi kuketi pembeni ya wakili akimsikiliza mteja kwa saa nzima?

Nauliza kwa sababu najua wanavyopokelewa maofisini. Nimewaona. Kijana anapewa dawati la korido, anatumwa benki, anatoa nakala, anapeleka barua, na mwisho wa miezi anagongewa mhuri kwenye fomu kwamba amejifunza. Mmoja aliyekuja kwangu baada ya kumaliza kwingine, ambako sikutaji, alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Manzese hadi Posta kwa sababu hakuwahi kupewa hata nauli, na katika miezi yote hiyo hakuingia chumba cha wakili wakati mteja yumo. Aliandika Kiingereza kizuri. Nilipomwomba amweleze mzee mmoja wa Rufiji kwa Kiswahili maana ya zuio la muda, akakwama. Tangu mwaka 2021 sheria yetu inatambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini Kiswahili cha kumtuliza mtu aliyenyang’anywa ardhi hakimo katika sheria yoyote. Unakisikia kwa mwenzako, ukiwa umekaa karibu.

Kwa hiyo nawaomba mawakili wenzangu wenye ofisi, iwe Samora, iwe Dodoma, iwe chumba kimoja mbele ya mahakama ya wilaya: ongezeni kiti. Mwiteni kijana ndani mteja anapoingia, kwa idhini ya mteja. Mlipeni nauli na chakula cha mchana kila siku, maana mwenye njaa hasikii yasiyosemwa. Msimpokee kwa sababu mnamjua baba yake. Akikosea, mwende naye kwa mteja.

Mzee alifunga ofisi mwaka 2009, macho yalipomzidi, na siku ya kugawa vitu nilimwomba kile kiti cha mbao. Kipo upande wa kushoto wa meza yangu. Wamekikalia vijana 14 hadi sasa. Wa 15 anatoka Kasulu, na anaanza Jumatatu.